Je, Wajua? Vitasa, Leseni na Maganda ya Komamanga: Maajabu ya Sheria za Masaji

Sogea hapa karibu, msomaji. Mafuta na mawe ya moto tuyaweke kando kwanza. Leo ni zamu ya leseni, mabwana afya, vitasa vya milango na majaji wenye majoho. Kama ulidhani serikali ya mji haina habari na mgongo wako, kaa mkao wa kula!

Enzi za kale

Je, wajua kwamba nchini Japani mkandaji alikuwa mtumishi wa serikali tangu mwaka 701? Sheria kuu ya Taiho iliweka katika idara ya tiba mwalimu wa masaji, wachuaji na wanafunzi wao. Hesabu mwenyewe: zaidi ya miaka 1,300 iliyopita!

Je, wajua kwamba karne ya 12 mwanachuoni wa Shamu aitwaye al-Shayzari aliandika mwongozo kwa muhtasibu, yule mkaguzi wa masoko na mji? Humo kuna sura ya hamamu, yaani bafu la umma, na mkandaji hakusahaulika. Aliagizwa asugue viganja vyake kwa maganda ya komamanga mpaka vikwaruze, ili uchafu umtoke mteja na mwili uburudike. Maganda ya komamanga, kwa agizo la mkaguzi wa mji!

Ngoja, kitabu hichohicho bado kina mambo. Kumsugua mteja kwa dengu au maharage ni marufuku, kwa sababu hicho ni chakula na chakula kina heshima yake. Kinyozi wa hamamu naye asile kitunguu wala kitunguu saumu siku ya kazi, asije akamuudhi mteja kwa pumzi yake. Wewe ungemtungia kinyozi wako sheria hiyo? Mimi ningeipitisha leo!

Je, wajua kwamba mtu aliyeongoza uasi uliomng'oa Sultani Ahmed III wa Dola ya Osmani mjini Istanbul mwaka 1730 alikuwa amefanya kazi ya hamamu, ya kusugua na kukanda waogaji? Jina lake Patrona Halil. Baadaye, mwaka 1752, hamamu za Istanbul ziliorodheshwa daftarini pamoja na wafanyakazi wake. Serikali ilitaka kujua nani anamkanda nani!

London ilipocharuka

Je, wajua kwamba taaluma ya fiziotherapia Uingereza ilianza kwa kupigania jina jema la masaji? Mwaka 1894 magazeti yalichachamaa kuhusu nyumba za masaji zisizo na heshima mjini London. Wanawake 4 waliosomea uuguzi na ukunga wakaungana na kuunda chama cha wakandaji waliosomea kazi. Wanne tu! Leo chama hicho ndicho chama cha wanafiziotherapia wa Uingereza, chenye wanachama zaidi ya 60,000.

Na kanuni zao za mwanzo? Sikiliza hizi. Hukandi mtu mpaka daktari aelekeze. Hutangazi kazi yako popote isipokuwa kwenye magazeti ya kitabibu. Na humuuzii mgonjwa dawa, hata akubembeleze.

Mwaka 1920 ulikuwa na bahati mbili. Chama kile kilipata hati ya kifalme, na mwaka huohuo sheria ya Baraza la Jiji la London ikaweka utaratibu wa leseni kwa nyumba za masaji. Wenye taaluma walijisimamia, na mji ukasimamia mlango wa biashara!

Je, wajua kwamba London ya leo kibali cha masaji kinatoka kapu moja na cha kuchora tatuu, kutoboa masikio, tiba ya sindano, sauna na hata kutengeneza kucha? Yote yamo katika sheria ya mwaka 1991 inayozipa halmashauri za London mamlaka juu ya "huduma maalumu". Kucha na mgongo, dirisha moja la maombi!

Milango, kufuli na shuka

Je, wajua kwamba California ina sheria inayozungumzia ukuta wa chumba cha masaji? Halmashauri haziruhusiwi kulazimisha kuta zisizofika dari, wala madirisha ya ndani yanayovunja faragha ya mteja. Ukilala pale kitandani, sheria imekusimamia mlangoni!

Je, wajua kwamba hata kufuli la mlango wa nje limepata kifungu chake? Kama biashara ni ya mtu mmoja, asiye na mfanyakazi au mwenye mmoja tu, halmashauri ya California haiwezi kumkataza kufunga mlango. Fikiria: yuko ndani na mteja, mikono imejaa mafuta, hakuna wa kukaa mapokezi. Watunga sheria walimwona!

Shuka nayo imo. Halmashauri inaweza kudai mteja afunikwe sehemu za siri, na mwanamke afunikwe matiti. Zaidi ya hapo haina mamlaka ya kumpangia mteja mavazi. Hiyo ni sheria ya jimbo zima, imeandikwa na kupigwa sahihi.

Umeketi vizuri? Sheria hiyohiyo inataja makalio! Hakuna halmashauri California inayoweza kumkataza mkandaji mwenye cheti kukanda misuli ya makalio. Wenye maumivu ya kiuno, huo ni ushindi wenu.

Je, wajua kwamba mkandaji mwenye cheti wa California haruhusiwi kufanya kazi amevaa nguo za kuogelea? Isipokuwa tu kama masaji yenyewe inafanyika kwa maji. Nguo zinazoonyesha mwili nazo marufuku. Kila kitu kimefikiriwa!

Na je, wajua mamlaka hayo yalivyorushwa huku na kule? Sheria ya California ya mwaka 2008 ilizipunguzia halmashauri nguvu nyingi juu ya wakandaji wenye cheti. Halmashauri zikalalamika kwamba nyumba za masaji zinaota kila kona na mikono yao imefungwa. Sheria mpya ya 2014 ikazirudishia sehemu kubwa ya mamlaka kuanzia tarehe 1 Januari 2015. Miaka 6 tu, mpira umerudi ulikotoka!

Sasa tuvuke bahari hadi Delhi, India. Mwaka 2021 mamlaka za mji zilitoa mwongozo wa spa: komeo kwa ndani hakuna, milango ijifunge yenyewe, kazi ianze saa 3 asubuhi na kukoma saa 3 usiku. Na mwanamume akandwe na mwanamume, mwanamke na mwanamke. Desemba ya mwaka huohuo Mahakama Kuu ya Delhi ikasimamisha katazo hilo la jinsia. Miezi michache tu!

Florida nako usiku ulipata sheria. Mwaka 2013 jimbo hilo lilipiga marufuku nyumba za masaji kufanya kazi kati ya saa 6 usiku na saa 11 alfajiri. Ukiumwa shingo saa 8 za usiku, vumilia mpaka jogoo awike!

Je, wajua kwamba bango la ukutani linaweza kumwokoa mtu? California inazitaka nyumba za masaji zibandike tangazo lenye namba za msaada kwa waliouzwa au kulazimishwa kufanya kazi. Tena kwa lugha 3: Kiingereza, Kihispania na lugha nyingine inayosemwa zaidi katika kaunti hiyo. Mfanyakazi aliyenyang'anywa pasipoti, asiyejua Kiingereza, anasoma ukutani namba ya kupiga. Hilo bango ni dogo, lakini mimi nalipigia makofi.

Shule ya mikono

Je, wajua kwamba Marekani nzima haina leseni moja ya taifa ya mkandaji? Kila jimbo lina utaratibu wake. Minnesota, kwa mfano, kwa miaka mingi iliiachia miji kazi hiyo, kila mji na kibali chake. Ukihama mji umehama sheria!

Jimbo la kwanza kuwapa wakandaji leseni? Ohio, mwaka 1915! Na iliyokabidhiwa kazi hiyo ni bodi ya madaktari ya jimbo.

Je, wajua tofauti ya saa za darasani? California cheti kinadai masomo ya saa 500. New York leseni inadai saa 1,000, mara mbili kamili! Mgongo ni uleule, kalenda ndiyo tofauti.

Mtihani unaotumiwa na majimbo mengi ya Marekani una maswali 100 kwa dakika 110. Mifupa, misuli, magonjwa, maadili, sheria, vyote vimo. Wewe ungejibu mangapi?

Je, wajua kwamba majimbo ya Marekani yamebuni mkataba wa kumruhusu mkandaji avuke mpaka na leseni moja? Unadai masomo ya saa 625, na hauanzi kufanya kazi mpaka majimbo 7 yaingie. Nevada ilikuwa ya kwanza kujiunga, mwaka 2023.

Ujerumani ndiyo usiseme. Mkandaji wa tiba husoma miaka 2, kisha hufanya kazi ya mafunzo miezi 6, chini ya sheria ya taifa ya mwaka 1994. Kazi yake imeunganishwa na ya kuhudumia bafu za tiba, cheo kimoja kwa kazi mbili.

Na Japani? Angalau miaka 3 shuleni, halafu mtihani wa taifa! Ukishafaulu na kufungua chumba chako, una siku 10 za kuwaarifu wakuu wa mkoa kwamba umefungua. Siku 10, si wiki 10!

Wasioona na vidole vyenye macho

Je, wajua kwamba mtihani huo wa Japani hutolewa pia kwa maandishi ya nukta? Kazi ya kukanda ni kazi ya jadi ya wasioona nchini humo. Mwaka 1682 bingwa asiyeona, Sugiyama Waichi, alianzisha shule ya kuwafundisha wenzake tiba ya sindano na ukandaji. Nenda kasome tarehe hiyo tena: 1682!

Sheria ya Japani inaruhusu serikali kukataa shule mpya za ukandaji kwa wanaoona, ili wasioona wasinyang'anywe riziki yao. Kuna chuo kilikwenda mahakamani kupinga. Tarehe 7 Februari 2022 Mahakama ya Juu ikasema kinga hiyo haivunji katiba. Wasioona wakashinda!

Korea Kusini imekwenda mbali zaidi. Kule, kwa mujibu wa sheria, leseni ya ukandaji ni ya wasioona peke yao! Na anayeitoa ni meya wa jiji kuu au gavana wa mkoa.

Shika pumzi sasa. Mwezi Mei 2006 Mahakama ya Katiba ya Korea Kusini iliifuta kanuni hiyo, majaji 7 kwa 1. Wakandaji wasioona wakaandamana mjini Seoul, wengine wakajirusha mtoni kutoka daraja la Mapo. Mwaka huohuo bunge likairudisha haki yao, safari hii ndani ya sheria yenyewe.

Kesi ikarudi tena kortini. Tarehe 30 Oktoba 2008 majaji wakaipitisha sheria mpya, 6 kwa 3. Kumbe mahakama nayo hubadili msimamo!

Hujasikia bado. Kesho yake, tarehe 31 Oktoba 2008, majaji wa katiba wa Taiwan walitoa uamuzi kuhusu sheria inayofanana na hiyo, nao wakasema kinyume kabisa! Walisema kuwafungia wanaoona nje ya kazi hiyo kunavunja haki ya usawa na ya kufanya kazi, wakatoa miaka 3 sheria ife. Siku 1 ya tofauti, nchi 2, majibu 2. Nimetafuta sadfa nzuri kuliko hii, sijaipata!

Masaji mbele ya majaji

Je, wajua kwamba mwaka 1972 Marekani ilikuwa na majibu mawili kwa swali moja? Mji wa Falls Church, Virginia, ulikataza mtu kumkanda wa jinsia nyingine kwa malipo. Mahakama ya jimbo ikaukubalia, na Mahakama ya Juu ya nchi ikaitupa rufaa. Mwaka huohuo Mahakama ya Juu ya California ikaangusha katazo kama hilo la kaunti ya Los Angeles. Pwani ya mashariki ndiyo, pwani ya magharibi hapana!

Je, wajua kwamba Manila ilipiga marufuku kinyozi kufungua chumba cha masaji pembeni ya duka lake la kunyoa? Unakata nywele chumba hiki, huruhusiwi kukanda wateja chumba cha pili wala chumba kingine cha jengo hilo. Nyumba za masaji zilikuwa na leseni yake na ada yake, na jiji halikutaka zijifiche nyuma ya mkasi. Mwaka 1983 Mahakama ya Juu ya Ufilipino ikaipa Manila haki.

Lakini Manila haikushinda siku zote! Mwaka 1993 ilitunga sheria ya kufukuza nyumba za masaji, sauna, baa za karaoke na moteli katika eneo la Ermita na Malate. Wenye biashara walipewa miezi 3: funga, hama au badili kazi. Mwaka 2005 Mahakama ya Juu ikaifuta sheria hiyo. Kusimamia biashara ni jambo moja, kuiua biashara halali ni jingine.

Na Singapore? Huko wakala wa leseni za masaji ni polisi! Ukifungua bila leseni, kosa la kwanza ni faini hadi dola 10,000 za huko, au jela hadi miaka 2, au vyote viwili. Sheria hiyo ilianza kazi mwaka 2018, na haina mchezo.

Halafu geuka utazame Thailand. Mwezi Desemba 2019 UNESCO iliiingiza masaji ya Kithai kwenye orodha ya urithi wa binadamu. Nchi hiyohiyo ina sheria ya 2016 inayozitaka nyumba za masaji na spa ziwe na leseni. Urithi wa dunia, na kibali ukutani!

Turudi nyumbani Afrika

Je, wajua kwamba Afrika Kusini sheria ya biashara ya mwaka 1991 inadai leseni kwa makundi 3 tu ya biashara? La kwanza ni kuuza vyakula, la tatu ni kuchuuza vyakula mitaani. Na la pili? Masaji, sauna, disko, sinema, na ukumbi wenye meza 3 au zaidi za biliadi! Meza 2 za biliadi hazina neno, lakini kitanda 1 cha masaji kinakupeleka halmashauri.

Je, wajua kwamba Katiba ya Kenya ya 2010 ina jibu la nani amsimamie mkandaji? Jedwali la Nne linazipa kaunti zote 47 kazi ya leseni za biashara. Kisha linaongeza maneno machache mazito: usimamizi wa taaluma haumo. Kaunti inaweza kukipa kibali chumba, lakini taaluma ya mtu aliyemo ndani ni suala la taifa.

Ndiyo maana wanafiziotherapia wa Kenya wana baraza lao la kitaifa, lililoundwa kwa sheria ya mwaka 2014. Kwa hiyo ukikuta kibali cha kaunti kimebandikwa, usikichukulie kuwa cheti cha shule. Ni karatasi 2 tofauti, ulizia zote 2!

Tanzania je? Sheria ya Leseni za Biashara ni ya mwaka 1972, mwaka uleule ambao halmashauri za wilaya zilifutwa. Leo halmashauri zipo na ndizo zinazotoa leseni za biashara nyingi za mtaani. Mwombaji lazima awe na TIN, yaani namba ya mlipakodi, na maombi hupitia mfumo wa mtandaoni wa Tausi, kwa simu yako ya mkononi. Foleni imehamia kiganjani!

Je, wajua kwamba manispaa na majiji ya Tanzania yana uwezo wa kutunga sheria ndogo zake? Sheria namba 8 ya mwaka 1982 ndiyo inayowapa ruhusa. Kwa hiyo diwani wako, yule unayemwona sokoni, ana kura katika kanuni za biashara za mtaani kwako. Ulishawahi kumuuliza?

Uganda nayo haijabaki nyuma. Ndani ya Kampala leseni ya biashara hutolewa na KCCA, mamlaka ya jiji iliyozaliwa kwa sheria ya mwaka 2010. Anayefungua chumba cha masaji pale anaanzia dirisha lilelile la mwenye duka la nguo.

Na usisahau kwamba ukandaji kwetu ni wa siku nyingi. Mzazi wa pwani hukandwa kwa maji ya moto katika arobaini yake, na timu ya mpira haiendi uwanjani bila mchua misuli. Bibi anayemkanda mwanawe nyumbani hadaiwi leseni na mtu. Leseni inaingia pale mlango unapofunguliwa kwa wageni na pesa inapopokelewa.

Umeona basi, msomaji: kuanzia maganda ya komamanga ya muhtasibu hadi simu yenye Tausi, miji imekuwa ikiulizia jambo hilihili, nani anamgusa nani na kwa idhini gani. Swali hilo linamlinda anayelala kitandani na anayesimama kukanda. Mkandaji aliyesoma na kulipia kibali anastahili kuheshimiwa kama fundi mwingine yeyote, na mfanyakazi aliyelazimishwa anastahili mtu wa kumwona.

Kwa hiyo siku ukienda kukandwa, kabla hujavua viatu, tazama ukutani. Soma jina lililo kwenye leseni, soma tarehe ya mwisho, uliza aliyekupokea alisomea wapi. Akikujibu bila kigugumizi, lala. Akianza kubabaika, chukua viatu vyako uende kwingine, kisha mwambie bwana afya wa mtaa wako.